Wanaoanza Kikorea waanzie kwenye Kiswahili chao

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita ukurasa wa vijana wa gazeti lako ulichapisha somo la Kikorea kwa wanaoanza, lenye orodha ya maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini na, chini yake, jedwali la kutaja saa. Nilifurahi kuona gazeti la Kiswahili likiwakumbuka vijana hawa, maana ni wengi kuliko wazazi wao wanavyodhani. Wapo waliovutwa na tamthilia na muziki, wapo wanaoomba ufadhili wa masomo wa serikali ya Korea Kusini, ambao kwa kawaida humpa mgeni mwaka mzima wa kusoma lugha kabla ya kuingia katika shahada yenyewe, na wapo wanaoipenda lugha kwa ajili yake tu. Baadhi yao huja kwangu jioni hapa Mombasa, na huu ni mwaka wa saba ninawafundisha. Naandika kwa sababu somo lile lina makosa ambayo hayakutokana na kiwanda cha uchapaji. Yametokana na njia iliyopitiwa: Kikorea kilielezwa kwanza kwa Kiingereza, kisha maelezo hayo yakatafsiriwa kwa msomaji wa Kiswahili, na njiani yakapotea mambo ambayo msomaji huyo angeyaelewa kwa wepesi kama angeambiwa moja kwa moja kwa lugha yake.

Nianze na neno moja. Orodha yenu inasema kwamba kahawa ni "kopi". Kahawa kwa Kikorea ni 커피, na irabu yake ya kwanza si o. Neno lenye o, yaani 코피, lipo, na maana yake ni damu itokayo puani. Kijana atakayeingia mkahawani Seoul na orodha yenu mkononi huenda akaeleweka kwa huruma ya mhudumu, lakini atakuwa amesema kitu kingine kabisa.

Kikorea kina irabu mbili ambazo Kiswahili hakina. Ya kwanza, ㅓ, hutamkwa mdomo ukiwa kati ya a na o, bila kuviringa midomo. Ya pili, ㅡ, hupatikana kwa kusema u huku midomo imetandazwa kama ya mtu anayesema i. Mfumo rasmi wa kuandika Kikorea kwa herufi za Kilatini, uliotangazwa na serikali ya Korea Kusini mwaka 2000, huziandika irabu hizo kwa herufi mbili mbili, eo na eu, na hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anapopotea, kwa kuwa sisi tumezoea kwamba kila irabu iliyoandikwa hutamkwa. Tunasema le-o, tunasema we-u-si. Kwa hiyo mtoto wa shule akiona Seoul husoma se-o-u-li, silabi nne, ilhali wenye mji wao huutaja kwa silabi mbili, 서울. Tena mfumo huo haufuatwi na kila mtu: irabu ile ile iliyoandikwa eo katika Seoul imeandikwa u katika Samsung. Wanafunzi huniuliza ipi kati ya tahajia hizo ni sahihi. Huwajibu kwamba swali hilo litawaondokea siku watakapoacha kusoma Kikorea kwa herufi zisizo zake.

Herufi zake, Hangul, hazihitaji zaidi ya majuma mawili ya bidii ya kawaida. Herufi za msingi ni 24, konsonanti 14 na irabu 10, nazo hupangwa katika vifungu, kila silabi kifungu chake. Mfalme Sejong alizikamilisha mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446, na katika dibaji yake alieleza kwamba lugha ya nchi yake ilikuwa mbali na ya China, haikupatana na maandishi ya Kichina waliyokuwa wakiyatumia, na kwamba watu wa kawaida walikuwa na la kusema lakini hawakuweza kuliandika. Mtu wa pwani akisikia maneno hayo hana haja ya kufafanuliwa. Wazee wetu waliandika tenzi zao kwa hati ya Kiarabu, ambayo alama zake za irabu hazitenganishi e na i wala o na u, na wakatokea wanazuoni hapa hapa Mombasa walioongeza alama ili hati hiyo iweze kubeba Kiswahili. Sejong alichagua kutunga upya. Herufi ㅁ, ambayo ni m, ni umbo la mdomo. ㄴ, ambayo ni n, ni ulimi ulioinua ncha yake hadi kwenye ufizi. ㅅ, ambayo ni s, ni jino. Sauti inapoongezewa pumzi, herufi huongezewa mstari: ㄱ ikawa ㅋ, ㄷ ikawa ㅌ. Sauti inapokazwa, herufi huandikwa mara mbili: ㄲ, ㄸ. Anayejifunza akiyajua haya, herufi zenyewe zinamfundisha matamshi, jambo ambalo herufi za Kilatini haziwezi kulifanya hata zikipangwa vipi.

Nayo matamshi ya konsonanti hizo ndiyo swali ninaloulizwa kuliko yote. Kikorea kina p tatu, t tatu, k tatu na ch tatu. 불 ni moto, 풀 ni nyasi, 뿔 ni pembe ya mnyama. 달 ni mwezi wa angani, 탈 ni kinyago, 딸 ni binti. Vitabu vya Kiingereza humwambia mwanafunzi alinganishe herufi p inapoanza neno la Kiingereza na p hiyo hiyo inapofuata s, ushauri unaomfaa aliyezaliwa na Kiingereza, na kumwacha gizani kijana wa Kilifi. Lakini kijana huyo ana hazina nyumbani kwao. Bibi yangu alipotaja paa la nyumba, pumzi haikutoka. Alipotaja p'aa, mnyama wa porini, pumzi ilitoka waziwazi. Kaa la moto halikuwa na mpumuo, k'aa wa baharini alikuwa nao. Tembo la mnazi lilikuwa neno moja na t'embo mwenye mkonga lilikuwa neno jingine, na hakuna mtu wa Mvita au wa Amu aliyewahi kuyachanganya. Kiswahili sanifu, ambacho mkutano uliofanyika hapa Mombasa mwaka 1928 uliamua kijengwe juu ya Kiunguja, hakikuandika tofauti hiyo, na wasemaji wengi wa bara hawaijui kabisa. Lakini ipo, na inafundishika. Kwa hiyo mwanafunzi wangu anapouliza 풀 hutamkwaje, humwambia aende kwa bibi yake amwombe ataje p'aa.

Aliyeshika jozi hiyo amepata nguzo mbili kati ya tatu. P ya paa la nyumba inakaribia ㅃ, ila ㅃ hutaka koo likazwe zaidi, kama la mtu anayeinua mzigo. P ya p'aa ni ㅍ. Inayobaki, ㅂ, iko katikati: ina pumzi kidogo, koo limelegea, na katika usemi wa Seoul wa leo silabi yake huanza kwa sauti ya chini kuliko silabi ya ㅍ. Jambo hili la mwisho vitabu vingi vya wanaoanza havilitaji, na ni hasara, kwa sababu sikio la Mkorea kijana hutegemea sana kupanda na kushuka huko. Chukua kipande cha karatasi nyepesi, kiweke mbele ya midomo: kwa 풀 kitaruka, kwa 불 kitatikisika, kwa 뿔 kitatulia. Huwapa wanafunzi zoezi hili kila siku kwa mwezi mzima, na sijaona lililo bora kuliko hilo.

Hapo hapo huzuka swali la Busan na Pusan. Mji ni mmoja na herufi ni moja, ㅂ. Kabla ya mwaka 2000 serikali iliiandika kwa p, sasa huiandika kwa b. Ikianza neno haitetemeshi koo kama b yetu. Ikiwa kati ya irabu mbili hulainika ikawa b kamili, ndiyo sababu 부부, mume na mke, husikika kama "pubu" ingawa imeandikwa kwa herufi moja mara mbili. Vivyo hivyo ㄹ: katikati ya irabu ni r ya kugusa tu, mwisho wa silabi ni l. Na ㅅ ikikutana na i hugeuka sh, kwa hiyo Mkorea husikia sina na shina kuwa neno moja. Wakorea wanaosoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, huko Korea Kusini, hukutana na ugumu huu kutoka upande wa pili, kwani lugha yao haina z, f wala v. Kuna faraja fulani katika kujua kwamba wakati sisi tunahangaika na ㅓ, wao wanahangaika na "zafarani" na "vazi".

Ugumu ambao Kiswahili kinautia chenyewe ni wa mwisho wa silabi. Neno letu hutaka kuishia na irabu, kwa hiyo 밥, wali, huwa "bapu", na 옷, nguo, huwa "oti". Mwisho wa silabi ya Kikorea konsonanti hufungwa na kuachwa imefungwa. Mkiwa mnasema "maktaba", ulimi hufunga njia ya pumzi kwenye k kabla ya kuingia t. Simama hapo, usiendelee, na hiyo ndiyo k ya mwisho ya Kikorea. Simama kwenye p ya "Septemba" na utapata p yake. Sauti zinazoruhusiwa mwisho ni saba tu, hata kama herufi ni nyingi zaidi: 낫 ni mundu, 낮 ni mchana, 낯 ni uso, na yote matatu yakisimama peke yake hutamkwa sawasawa, "nat". Wanaoanza hushtuka na kuuliza kwa nini basi zisiandikwe sawa. Sababu huonekana irabu inapofuata, maana konsonanti hurudi katika asili yake: 낮이 husikika "naji", 낯이 husikika "nachi". Maandishi yanalinda mzizi wa neno.

Kwamba sauti hubadilika zinapokutana si jambo la kumtisha Mswahili. Mwanafunzi anaandika 합니다 na kusikia "hamnida". Anaandika 한국말, lugha ya Kikorea, na kusikia "hangungmal". Anaona jina la ufalme wa kale 신라 na kusikia "silla". Huuliza kama zipo kanuni au ni za kukariri tu. Zipo, na ni za aina tunayoitumia bila kufikiri. Ulimi mmoja, ndimi mbili. Ubavu mmoja, mbavu mbili. Mti mrefu lakini njia ndefu. Kitabu changu, wala si "kiangu". Hakuna mama aliyewahi kumkalisha mwanawe na kumfundisha kwamba n ikikutana na l huzaa nd. Mtoto aliisikia, na mdomo ukafuata njia nyepesi. Mdomo wa Mkorea nao unafuata njia yake nyepesi, na konsonanti ya kufunga ikikutana na m au n hupitishwa puani.

Kuna kufanana kwingine ambako kulinishangaza nilipokuwa bado mwanafunzi, na ambako sikukusoma katika kitabu chochote nilichopewa. Kitenzi cha Kikorea kikiingia katika wakati uliopo wa heshima ya kawaida hupata 아 au 어 kabla ya 요. Irabu ya mwisho ya mzizi ikiwa a au o, huja 아: 잡아요, anashika. Ikiwa nyingine, huja 어: 먹어요, anakula. Wanaoanza huiona kanuni hii kuwa ya ajabu, nami huwauliza kwa nini wanasema pikia lakini somea, limisha lakini somesha. Hukaa kimya kidogo, kisha mmoja huona kwamba mizizi yenye a, i na u hufuatwa na i, na yenye e na o hufuatwa na e. Makundi ya irabu si yale yale katika lugha hizi mbili, lakini kazi ni ile ile, irabu ya mzizi kuichagua irabu ya kiambishi. Kutoka hapo mnyambuliko nao hauwi mgeni: 먹다 kula, 먹이다 kulisha, 먹히다 kuliwa, 웃다 kucheka, 웃기다 kuchekesha, 울다 kulia, 울리다 kuliza. Tofauti kubwa ni mahali. Sisi hupanga viambishi vya nafsi na wakati mbele ya mzizi. Wao hupanga vyao vyote nyuma, na kitenzi chenyewe hukaa mwisho wa sentensi.

Sasa nije kwenye swali linalowakatisha tamaa wengi: lini utumie 은 au 는, na lini utumie 이 au 가, vijineno vinavyobandikwa nyuma ya nomino. Maelezo ya Kiingereza husema kimoja ni cha mada na kingine ni cha kiima, halafu hutoa kurasa nyingi za vighairi. Mimi huanza na "ndiye". Mtu akiuliza 누가 왔어요, nani amekuja, na aliyekuja ni Juma, Mswahili hasemi tu kwamba Juma amekuja. Husema Juma ndiye aliyekuja. Hiyo ndiyo kazi ya 가: 주마가 왔어요. Lakini ukisema 주마는 왔어요, umemweka Juma mbele kama jambo la mazungumzo, kama tunavyosema "Juma, yeye amekuja", na msikilizaji huhisi kwamba kuna wengine ambao habari yao ni tofauti. Vivyo hivyo tunapotanguliza "kitabu hiki" na kusema "kitabu hiki nimekisoma", tumekifanya mada, na Mkorea angekibandikia 은. Ipo sentensi ambayo walimu wa sarufi ya Kikorea huipenda sana, 코끼리는 코가 길다, nayo huwatesa wanaoitafsiri kwa Kiingereza kwa kuwa inaonekana ina viima viwili. Kwa Kiswahili inatoka bila jasho: tembo, mkonga wake ni mrefu. Sidai kwamba "ndiye" inamaliza kila kitu, maana matumizi ya vijineno hivi ni ya kujifunza kwa miaka, lakini mwanafunzi aliyeingilia mlango huu hupotea mara chache zaidi.

Kosa jingine la kawaida ni kutafuta "ni" mbele ya kila kivumishi. Mwanafunzi amejifunza 학생이에요, ni mwanafunzi, kisha anataka kusema nyumba ni kubwa na anabandika 이에요 tena. Katika Kikorea ukubwa, uzuri na baridi ni vitenzi: 커요, 예뻐요, 추워요. Sisi pia tunavyo vya namna hiyo, ila hatujazoea kuvihesabu. Hatusemi mtu "ni choka". Tunasema amechoka, ameshiba, amependeza, na chungwa limeoza. Fikiria kwamba sifa zote zimeingia katika kundi la "amependeza", na kosa litaisha.

Kuhusu 네 na 아니요, yaani ndiyo na hapana, sina haja ya maneno mengi. Ukiulizwa kwa Kikorea "hujala?", na kweli hujala, unajibu 네, ndiyo, sijala. Vitabu vya Kiingereza huweka onyo kubwa hapo. Mswahili aliyelelewa nyumbani kwao hahitaji onyo hilo, isipokuwa kama shule imemwondolea desturi yake. Ni hivyo hivyo kwa 우리 집: Mkorea mwenye nyumba husema "nyumba yetu" hata akiwa peke yake, kama sisi tunavyosema "karibu kwetu". Wanafunzi wangu waliosoma kupitia Kiingereza hulazimisha neno la "yangu", na mimi hulifuta kila mara.

Adabu ndiyo sehemu ninayoijali kuliko sarufi nyingine zote. Vijana wengi hujifunza kwa kusikiliza tamthilia, ambamo marafiki na wapenzi huongea kwa namna ya rika, kisha huichukua lugha hiyo na kumwendea nayo mtu mzima. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba alimwita mzee wa Kikorea 너, "wewe", akashangaa kwa nini uso wa mzee ulibadilika. Swali lake kwangu lilikuwa: basi neno sahihi la "wewe" ni lipi? Jibu ni kwamba kwa mkubwa halipo. Unamtaja kwa cheo chake au kwa jina la udugu, kama mtu wa pwani anavyomuuliza mkwewe "Mama atakunywa chai?" huku akimtazama usoni. Mwalimu ni 선생님, na ndivyo anavyoitwa hata unaposema naye. Ndugu mdogo ni 동생, awe wa kiume au wa kike, kama sisi tunavyosema "mdogo wangu". Lakini kaka mkubwa ana jina moja kwa mdogo wa kiume, 형, na jingine kwa mdogo wa kike, 오빠. Mvulana anayemwita kaka yake 오빠 kwa sababu amelisikia katika nyimbo amejiweka mahali pa msichana, na ni vyema aambiwe mapema.

Heshima huingia pia ndani ya kitenzi. Kiambishi 시 humtukuza anayetajwa, kwa hiyo mtoto 가요, anakwenda, na bibi 가세요. Msemaji hajitukuzi mwenyewe. "저는 가세요" ni kosa ninalolisikia kila muhula. Baadhi ya vitenzi hubadilika kabisa: mtoto hulala 자요, mzee 주무세요. Na mzee akifa hakuna anayetumia neno 죽다. Husema 돌아가셨어요, ambalo kwa asili yake ni "amerejea". Nilipolieleza neno hili darasani kwa mara ya kwanza, wanafunzi wa Kiislamu walilijua kabla sijamaliza, kwa kuwa ndivyo tunavyosema tunapopokea habari ya msiba, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Jamii iliyo na "shikamoo" haikosi njia ya kuielewa jamii hii. Kinachotakiwa ni mwalimu asiifiche njia hiyo nyuma ya maneno ya Kiingereza yasemayo tu "rasmi" na "isiyo rasmi".

Ninaomba pia gazeti liangalie majina. Katika habari za kimataifa za wiki hiyo hiyo mlimtaja aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2016, Ban Ki-moon, kisha chini mkamwita "Bw. Moon". Jina la ukoo la Mkorea hutangulia. Yeye ni Bw. Ban.

Nimeliacha jedwali la saa mpaka mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kumdhuru msomaji, na najua vijana hukata kurasa kama hizo na kuzibandika ukutani. Kikorea kina hesabu mbili, ya asili (하나, 둘, 셋) na iliyotoka China (일, 이, 삼). Saa hutajwa kwa ya kwanza, dakika kwa ya pili. Wanaoanza huona ni mzigo, nasi tunahesabu kwa mchanganyiko tangu utotoni: moja, mbili na tatu ni za Kibantu, sita, saba na tisa tulizipata kwa Waarabu, na tunasema watu wawili lakini watu sita, bila kuipatanisha sita na ngeli. Mlichosahau ni kwamba Mkorea huanza kuhesabu saa zake usiku wa manane na adhuhuri, wakati sisi tunaanza jua linapochomoza na linapotua. Jedwali lenu linasema 한 시 ni saa moja na 아홉 시 ni saa tisa. Mwombaji wa ufadhili aliyepangiwa mahojiano 아홉 시 asubuhi, akifuata jedwali hilo, atafika saa sita baada ya mahojiano kuanza. Tafadhali lichapisheni upya katika toleo lijalo, kwa Hangul, hivi: 한 시 saa saba, 두 시 saa nane, 세 시 saa tisa, 네 시 saa kumi, 다섯 시 saa kumi na moja, 여섯 시 saa kumi na mbili, 일곱 시 saa moja, 여덟 시 saa mbili, 아홉 시 saa tatu, 열 시 saa nne, 열한 시 saa tano, 열두 시 saa sita; na kwa nusu saa, liongezwe neno 반.

Wako,
Mwalimu wa Kikorea,
Mombasa